Upande Usiohusika

Mimi hasira zangu zina miguu. Zikinipanda sikai, natembea, na nikitembea mdomo nao unatembea. Ndivyo nilivyoingia kazini Jumatatu ile, kitabu cha Sayansi cha darasa la tano kwapani, nikipiga kelele tangu getini: "Nani kamtia kaka yangu kwenye ajali?"

Mlinzi alinishika mkono, akanipa pole, akauliza amelazwa hospitali gani.

"Hajalazwa! Yuko ukurasa wa arobaini na moja!"

Kampuni yetu huchapisha vitabu vya shule, na mimi ni mtunza picha, mwaka wa kumi na tisa huu. Michoro yote hukaa chumbani kwangu, kwenye makabati ya chuma, ndani ya bahasha za kaki zilizoandikwa juu yake: Wanyama, Mimea, Mafundi, Sokoni. Mhariri akitaka picha huja dirishani kwangu, anataja anachotafuta, namtolea bahasha. Desturi yetu ni hiyo tangu nianze: picha moja, bahasha moja. Vitabu vikitoka mimi sivifungui. Picha zikirudi kabatini, kazi yangu imekwisha.

Kaka yangu ni fundi redio. Mguu wake wa kushoto ulipooza kwa polio akiwa na miaka miwili, na tangu hapo anatembea kwa mkongojo. Kibanda chake kinatazamana na shule ya binti yake, mtoto wa miaka kumi ambaye nyumbani tunamwita Hakimu, kwa sababu hakuna kesi anayoiachia njiani.

Jumapili, siku moja kabla ya kelele zangu, nilikwenda kwao. Mlangoni lilining'inia shati lililopigwa pasi. Ijumaa iliyokuwa inakuja wazazi walikuwa wamealikwa darasani kueleza kazi zao, na kaka alikuwa ameandaa redio kuukuu, ameivua kifuniko akaweka plastiki angavu ili watoto waone ndani. Wiki mbili nzima hakuwa na hadithi nyingine.

"Baba asije," Hakimu akasema, macho sakafuni.

Kaka aliishusha redio mezani polepole. Akasema hata hivyo Ijumaa ana kazi nyingi. Uongo mtupu! Nikamvuta mtoto uani nimtolee uvivu, lakini yeye akanitolea kitabu.

Juu ya ukurasa palikuwa na kichwa cha habari: "Madhara ya Uzembe Barabarani". Chini yake mtu mmoja amesimama peke yake kwenye weupe wa karatasi, mkongojo kwapani, mkono ameunyoosha kama anayeomba. Masikio yale makubwa ya ukoo wetu hayajifichi. Alikuwa kaka, chapa!

"Jirani yangu wa dawati ndiye aliyemtambua," Hakimu akasema. "Sasa naitwa Mtoto wa Mzembe. Darasa zima. Shangazi, baba aliwahi kugongwa na gari?"

"Hajagongwa hata na baiskeli!"

"Basi mbona kitabu kinasema?"

Nilimwahidi tu kwamba aliyefanya hivyo atanitambua.

Kwa hiyo Jumatatu, nikitoka getini, nilianza na mchoraji wetu, Mzee Wino. Nikampigia kitabu mezani hadi chai ikamwagika.

"Taratibu, mama," akasema, akikausha michoro kwa shati lake. "Mimi nilimchora kaka yako kazini kwake. Wewe mwenyewe ulinipeleka, umesahau? Palikuwa na meza, redio imefunguliwa, bisibisi, nyaya. Huo mkono unaouona alikuwa anaupeleka kwenye kitufe cha redio. Meza imekwenda wapi, muulize mwingine."

Nikapanda kwa mhariri wa sayansi. Huyu naye, kijana wa watu, akarudi nyuma na kiti chake mpaka ukutani.

"Mtangulizi wangu aliomba picha ya mtu aliyeumia barabarani, akapewa bahasha. Na mimi kwa toleo jipya nimeomba hivyohivyo, nimepewa ileile. Hii hapa."

Niliipokonya. Juu yake paliandikwa kwa herufi kubwa: VILEMA NA AJALI. Ile A ya mwisho ilikuwa na mkia mrefu unaorudi chini ya neno zima. Ofisi nzima, mtu mwenye A ya mkia ni mmoja.

Nilinywea. Nikaketi bila kukaribishwa.

Kumbukumbu ikanirudia vipande vipande. Karatasi ya Mzee Wino ilikuwa pana kuliko bahasha. Na tuna desturi nyingine, ya chumba changu peke yangu, niliyoianzisha mimi na kujisifia: karatasi ikizidi, unakata upande usiohusika. Nilishika mkasi. Nikakata meza, nikakata redio, nikakata bisibisi na nyaya.

Jamani, huyu ni kaka niliyembebea mkoba wa shule. Nimepigana kwa ajili yake, nina kovu la jiwe hapa kwenye nyusi. Lakini siku picha yake ilipofika mkononi mwangu, niliangalia mguu, nikampeleka panapokwenda miguu. Bahasha ya Mafundi ilikuwa kwenye droo hiyohiyo! Sikuwa na nia mbaya. Sikuwa na nia yoyote, nilikuwa na mkasi.

Siku tatu zilizofuata sikupokea mtu dirishani. Nilimwaga makabati yote sakafuni. Kwenye bahasha ya Wanawake nilimkuta mama mmoja anachomelea geti, cheche zinaruka. Hakuna mhariri aliyewahi kumwona, maana anayetaka fundi haombi Wanawake. Kwenye Maskini nilikuta watoto wanacheza mpira pekupeku, wanacheka hadi magego yanaonekana. Nani aliniambia ni maskini? Nilikaa katikati ya karatasi zile nikijionea haya mwenyewe.

Mzee Wino alimchora kaka upya, na meza yake, na mhariri akamhamishia kwenye sura ya umeme. Toleo jipya likapona. Lakini vitabu vya zamani vingekaa shuleni miaka mitano mingine, na Ijumaa ilikuwa kesho. Nikakata vipande arobaini vya karatasi nyeupe, kipimo cha picha ile, nikanunua kopo la gundi. Kisha nikapiga moyo konde, nikaenda kibandani kwa kaka kukiri.

Alinisikiliza huku akilegeza skrubu ya spika.

"Nilijua, mdogo wangu," akasema. "Kitabu kilipotoka tu, mteja alinionyesha."

"Miaka yote hiyo! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha. Ulimtangazia kila mtu kwamba kaka yako yumo kitabuni, na kitabu chenyewe hukukifungua."

Nililia palepale, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua redio yake. Kaka akanipa kitambaa cha kufutia vumbi, kwa sababu hakuwa na kingine. Nilipopata sauti nikamuuliza kama kesho atakuja darasani.

"Mwenye baba hajaniita," akasema, akarudi kwenye skrubu zake.

Ijumaa, mwalimu wao alinipa dakika kumi kabla ya wazazi wengine. Nilisimama mbele ya watoto arobaini. Nikawaambia mtu wa ukurasa wa arobaini na moja hajapata ajali wala hajafanya uzembe, na aliyemweka pale ni mimi, dada yake. Nikagawa vipande na gundi, nikawaonyesha jinsi ya kubandika.

Wote walibandika. Hakimu alikaa mikono kifuani.

"Na wewe, mama, bandika," nikamwambia kwa upole.

"Nimfunike?"

"Ndiyo. Asionekane tena pale."

"Ulimkata," akasema, "sasa unataka kumfunika?"

Hata mwalimu alitazama pembeni.

Hakimu alichukua kile kipande, akakichana ukanda mwembamba, akaubandika juu ya kichwa cha habari mpaka neno "uzembe" likapotea. Akaupuliza ukauke. Kisha akaandika juu yake, taratibu, kalamu ikizama kwenye karatasi yenye unyevu: Fundi redio yuko kazini.

Jirani yake wa dawati, yuleyule, akachungulia.

"Redio yenyewe iko wapi?"

"Shangazi aliikata," Hakimu akamjibu. Akasimama, akanyoosha sketi yake. "Mwalimu, naomba ruhusa. Nikamwite baba aje nayo."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Nilisogea mlangoni kumpisha, nikamwona akivuka barabara, ametazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, kama ukurasa ule unavyofundisha.