Wimbo wa Alfajiri, Jengo la Tatu

Mzee Pyo, mlinzi wa getini, alikuwa ameinama kwenye mapipa ya taka, akitenga chupa na makopo ya wakazi wenye magari ya bei mbaya ambao kazi hiyo imewashinda, Meneja Bang alipomjia mikono mfukoni.

"Mzee, kesho Krismasi, alfajiri sitaki kuiona kwaya ya kanisa lenu hapa. Mwaka jana mlituamshia watu."

"Ni nyimbo mbili tu, bosi. Chini ya dirisha la Bibi Okbun, jengo la tatu."

"Hata nusu wimbo. Kamati ya wakazi imekataa. Na mkataba wako unaisha mwezi huu, au umesahau?"

Angesahauje? Walinzi wa majengo pale Incheon, Korea, walipewa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na mzee wa umri wake akiachishwa, hapati pengine. Nyumbani alikuwa na mke wa kupelekwa hospitali kila mara kusafishwa damu, figo zimemkatalia.

Lakini Bibi Okbun naye alikuwa kitandani, ghorofa ya kumi na nne. Madaktari walishamrudisha nyumbani. Tangu utotoni, Krismasi yake ilianza kwa vijana wa kanisa kumwimbia chini ya dirisha kabla hakujapambazuka. Juzi alimshika Pyo mkono.

"Shemasi, mwaka huu nataka niusikie tu ule wimbo. Mwakani nitausikia huko huko ulikoanzia."

Pyo akamwahidi. Mbele ya wagonjwa ulimi wake ulikuwa mwepesi mno.

Alfajiri ilimkuta kwenye kibanda chake cha ulinzi, baridi ikimng'ata magoti, akimnung'unikia Mungu. Ndipo likamjia wazo la Bethlehemu. Habari ya kuzaliwa kwa Mtoto haikupelekwa kwa kamati yoyote. Waliambiwa kwanza wachungaji, watu wa zamu, waliokesha na mifugo kwenye baridi. Walinzi wenzake! Alikuwa ameisikia ikisomwa maisha yake yote, na leo ndiyo kwanza ilimgusa. Macho yakamlowa.

Vijana wakafika getini, Haeun mbele yao, kofia imemfunika hadi nyusi.

"Shemasi, eti tumekatazwa?"

"Kuimba uani mmekatazwa. Ingieni humu. We mrefu, vuta tumbo tufunge mlango!"

Kibanda kilijengwa kwa mtu mmoja na hita yake. Wakajibana humo saba. Pyo akainua simu ya ndani, ile inayolia kwenye kila nyumba, akampigia binti wa Bibi Okbun.

"Mwekee mama sikioni." Kisha akawageuzia vijana mkono wa simu. "Haya. Taratibu, kama mnabembeleza."

Wakaimba karibu ya kunong'ona. Nje hakikusikika kitu. Kwenye simu walisikia kilio, halafu sauti nyembamba ya bibi ikidandia ubeti wa pili. Pyo alifurahi kama mtoto: ahadi imetimia, na hakuna aliyeamka.

Simu ikakatika. Punde dirisha la ghorofa ya kumi na nne likafunguliwa. Bibi Okbun, amezongwa blanketi, bintiye amemkumbatia, alikuwa akiimba wimbo wa pili peke yake, kwa nguvu zote zilizombakia, uani kote.

Taa zikaanza kuwaka. Simu ya kibandani ikalia: nyumba ya mwenyekiti wa kamati.

Pyo akamkumbuka mkewe, akaogopa kwelikweli. Bado angeweza kukimbia juu akamsihi bibi afunge dirisha. Huko juu sauti ilikuwa imeanza kukatika, kikohozi kikimwingilia.

"Shemasi, tufanyeje?" Haeun aliuliza, machozi yakimtoka.

"Mnangoja nini? Tokeni mkampokee wimbo!"

Wakatoka mbio, wakaudaka wimbo chini ya dirisha, safari hii kwa vifua vyote. Pyo akapokea simu.

"We mlinzi! Kuna nini huko?"

"Mtoto amezaliwa, mwenyekiti," alisema. "Fungua dirisha."