Ukuta Ulioonja Maziwa

Mawe hayachemki. Hilo Ng'washi alilijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake huko Shinyanga, na hakuna aliyewahi kumbishia, mpaka siku mwanawe Malimi aliporudi kutoka Songwe na gunia la mawe meupe, akayatumbukiza kwenye pipa la maji, akasema, "Mayu, rudi nyuma. We angalia tu."

Loo! Pipa likaanza kuguna. Likaguna, likatokota, mvuke ukapanda juu ya paa, na chini yake hapakuwa na kuni hata ujiti! Ng'ombe zizini wakanyanyua vichwa. Ng'washi alijikuta amejishika kichwa kwa mikono miwili. Mwanamke huyu amezaa, amezika, amevuka nchi na ng'ombe kutoka Usukumani mpaka mbuga za Usangu, kumbe Mungu alikuwa bado amemfichia hili.

"Moto uko wapi?" aliuliza.

"Umo ndani ya mawe, mayu. Waliyachoma huko huko Songwe. Moto ulikuwa umelala tu, maji yameuamsha."

Ng'washi alirudi nyuma. Alichuchumaa mbali kidogo akalitazama lile pipa mpaka lilipotulia, na hata lilipotulia hakuligeuzia mgongo.

Vurugu zote hizo, msomaji wangu, zilikuwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, Rozalia Kalinga. Matilda, binti wa Kihehe aliyemfundisha Malimi kusoma kwenye darasa la watu wazima pale Rujewa, alikuwa amekubali kuolewa naye. Baba yake kule Kilolo naye alikuwa amelainika. Lakini kwa akina Kalinga neno la mwisho ni la shangazi, na shangazi Rozalia alikuwa ameshalituma, kavu kavu: "Mtoto wetu hakukulia kwenye moshi na samadi. Nakuja kukiona chumba chake. Kikinipendeza nitalala humo, na tutapanga siku ya ndoa. Kisiponipendeza naondoka siku hiyo hiyo, na mtu asinifuate."

Siku ile Ng'washi alisonya mpaka midomo ikamuuma. "Kwani binti anaolewa na ukuta?" Lakini Malimi ndiye mtoto pekee aliyebaki naye, na tangu amjue yule binti alikuwa akichunga huku anaimba. Mama gani asiyeusikia wimbo wa namna hiyo? Ukipenda boga, penda na ua lake. Na ua la boga hili lilitaka chokaa.

Basi chokaa ilipokwisha kulala na kuwa laini kama uji, Malimi akaizimua kwa maji, akatia chumvi ili ishike, na bulu ya kufulia kidogo ili iwe nyeupe ya kung'aa, kama alivyoelekezwa na fundi wa Songwe. "Mtu asitie kitu kingine humu," alisema, akaenda kuponda katani ya kutengenezea brashi.

Sasa sikia alichofanya mama mtu. Kwao, tangu enzi za bibi yake, nyumba ya mkwe mpya haiingiwi ikiwa kavu. Inaonjeshwa maziwa kwanza, unanyunyizia kuta, unanyamaza, yamekwisha. Lakini akinyunyiza kabla, chokaa itayafunika. Akinyunyiza baada ya hapo, ataacha madoa, na shangazi ana macho. Afanyeje? Akaangaza huku, akaangaza kule, akabeba kibuyu cha mtindi, akakimimina chote ndani ya pipa. Akakoroga kwa mwiko wake wa ugali mpaka hapakuonekana kitu.

Kesho yake asubuhi Malimi alipaka. Chumba kilikuwa na dirisha moja, na kuta za udongo zilikuwa nyeusi kiasi kwamba hata mchana ulihitaji koroboi kutafuta kitu. Alipaka ukuta wa kwanza, akasogea nyuma kuutazama. Akausogelea tena. Ukuta ulikuwa wa kijivu, umelowa, na udongo ulionekana waziwazi nyuma ya ile rangi.

"Mbona kama maji ya kuoshea vyombo?" alisema. Akapaka mara ya pili, yale yale. Akazipaka zote nne akihema, jasho na chokaa vikimtiririka shingoni, na chumba kikazidi kuwa kichafu kuliko kilivyokuwa kabla hajakigusa.

Mlangoni, moyo wa Ng'washi ulishuka mpaka kwenye nyayo. Ni yale maziwa. Maziwa yameua chokaa! Aliyelikoroga na alinywe, wanasema watu, na yeye alikuwa amelikoroga kwa mwiko wake mwenyewe, ila atakayelinywa ni mtoto. Alitaka kusema. Akatazama macho ya Malimi, akaahirisha. Shangazi anakuja kesho, alijifariji, huenda tukapata namna.

"Hodi! Kamwene wenyewe!"

Kesho gani tena? Rozalia alikuwa amepata lori lililokuja kuchukua mpunga, na sasa alisimama uani, mrefu, gauni jeusi mpaka kwenye vifundo, rozari shingoni, furushi mkononi. Ng'washi akapiga magoti kumwamkia kama Wasukuma wanavyoamkia, na kwa kweli hata bila desturi hofu ingempigisha.

Rozalia aliingia chumbani. Akageuka polepole, ukuta mmoja hadi mwingine. Malimi alikuwa amesimama katikati na brashi yake, uso una madoadoa kama kanga.

"Mmepaka lini?"

"Sasa hivi, shangazi," Malimi alisema kwa sauti ndogo. "Lakini imeharibika."

"Nani kakwambia? Nileteeni kigoda."

Akakaa katikati ya chumba, furushi mapajani, macho ukutani. Wakakaa na wao, chini, hawajui wanasubiri nini. Upepo wa mbuga uliingia dirishani, mkavu, wa moto.

Ilianzia hapo kwenye dirisha. Kwanza doa moja, halizidi kiganja. Ng'washi alidhani ni jua. Lakini jua halitambai hivi! Doa likawa kama ungo, likateremka, likakutana na jingine lililotokea pembeni, na kila palipokauka palikuwa peupe, weupe ambao hajapata kuuona hata kwenye maziwa ya kwanza ya asubuhi. Hakuna mkono uliogusa ukuta. Ukuta ulikuwa unajipaka wenyewe. Ulipanda, ukashika kona, ukafika juu kwenye fito, na giza la nyumba ile likawa linatoka mbele ya macho yao. Aliiona sindano iliyopotea tangu masika, iko pale sakafuni, inametameta. Aliuona uso wa mwanawe, kila unywele. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Chokaa mbichi haisemi kitu," Rozalia alisema taratibu. "Inasema ikikauka."

Akainuka. Ng'washi akadhani yamekwisha, kumbe bado.

"Lakini weupe peke yake si kitu. Kanisa letu kule Kilolo ni jeupe hivi hivi, na kila Jumapili tunatoka na migongo kama tumelalia unga. Ukuta unaogawa rangi yake ovyo, mwakani hauna kitu." Akaenda kwenye ukuta uliotangulia kukauka, akauegemeza mgongo wake mzima, gauni jeusi na yote, akajisugua. "Haya. Nitazameni."

Ng'washi alifumba macho. Alipoyafumbua, gauni lilikuwa jeusi tii.

Rozalia alilivuta upande kulitazama mwenyewe. Akasugua kiganja ukutani, kwa nguvu safari hii. Kiganja kikarudi kisafi. Kwa mara ya kwanza tangu afike, uso wake ulipoteza ukali.

"Mmetia nini humu?"

"Chumvi," Malimi alisema. "Na bulu."

"Chumvi hata sisi tunatia. Nauliza, mmetia nini?"

Ng'washi akapiga magoti tena.

"Maziwa, shangazi. Nimetia mimi, mtindi, kibuyu kizima. Kwetu nyumba ya mkwe lazima ionje maziwa kabla hajaingia. Kama ni kosa ni langu, mtoto hana habari."

"Mayu!" Malimi alishtuka.

Rozalia hakumtazama Malimi. Alirudisha kiganja ukutani, akakiacha hapo kwa muda mrefu, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Yesu na Maria," alinong'ona. "Miaka yote hii tumeinyima nyumba ya Mungu maziwa."

Kisha akamwinua Ng'washi kwa mkono. "Mama Malimi, inuka. Mkeka uko wapi?"

Jua lilikuwa bado juu, saa ambayo hakuna mtu mzima anayelala. Lakini Rozalia Kalinga alifungua furushi lake, akatandika shuka juu ya mkeka, akavua viatu, akajinyoosha huku mgongo wake umeegemea ukuta ule mweupe.

Nje, Malimi alikuwa anazunguka pipa, hana raha.

"Mayu, anafanya nini humo ndani?"

"Amelala," alisema Ng'washi. "Nenda kamwambie Matilda."