Hotpoti ya Wifi

Mume wangu alipotoka hospitali, baada ya moyo kutaka kusimama, alipangiwa mazoezi ya kuurudisha kwenye hali yake. Wenzake aliolazwa nao, watu wembamba, walihamia kwenye mazoezi ya ngazi upesi. Yeye akabaki kwenye kiti, anainua mikono na kuishusha kama anayefukuza nzi. Kilo hazishuki, magoti yanauma, pumzi inamwishia kabla hata jasho halijatoka. Na asipoweza ngazi, daktari hamruhusu kurudi kufundisha, maana darasa lake liko ghorofani.

Lawama zote kwangu. Mwalimu wa mazoezi akaniita pembeni kuniuliza huwa nampikia nini. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, naye akapita kwa ndugu wote akitangaza kwamba namuua mdogo wake kwa njaa. Huku namnenepesha, kule namkondesha. Mke wa ajabu kweli mimi.

Siku moja niliwahi kufika kumchukua mazoezini. Nikamkuta kwenye maegesho, ndani ya gari la wifi, hotpoti mapajani, mafuta yanamtiririka kidevuni. Kumbe ndio mchezo wao kila akitoka mazoezini. Aliponiona akameza bila kutafuna, akasema anakula ili asimvunje moyo dada yake. Moyo wa dada, jamani.

Nilichemka. Nikabeba hotpoti mkono huu, nikamshika wifi mkono ule, mpaka ndani, kwenye zile ngazi.

"Akifa, wewe utalia siku chache, urudi kwa mumeo," nikamwambia. "Mjane ni mimi. Hebu panda uone unamfanyia nini."

Kwa ubishi wake, akapanda. Hakufika hata katikati. Aling'ang'ania reli, anahema, macho yamemtoka. Mwalimu akaja mbio, akampima mapigo, akakunja uso. Baada ya vipimo, wifi naye akapewa kiti, kando ya mdogo wake.

Basi wakawa wawili wanaofukuza nzi. Bila hotpoti, mume wangu akaanza kupungua kidogo kidogo, na juzi kapanda ngazi zote, akanipungia mkono kutoka juu. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Nikatoka nje kujifuta machozi. Kwenye maegesho nikamkuta mume wa wifi ndani ya gari, hotpoti mpya mapajani. Eti mkewe anakonda, watu watamfikiriaje yeye.

Nikamfungulia mlango.

"Shuka, shemeji," nikamwambia. "Kiti cha tatu kipo."