Simama Nyuma ya Kioo Chako

Fundi vioo Mwinshehe ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo sisi ni watani, na mtani haruhusiwi kukasirika. Sheria hiyo niliitegemea sana Jumamosi ile.

Miezi miwili nyuma tuliichomelea bajaji ya dada yangu Zuwena bodi ya bati, na Mwinshehe akatukatia vioo vya madirisha ya pembeni. Aliapa ni vya usalama, vikivunjika havimkati mtu. Shimo moja tu la barabara ya Chemchem, kioo kikapasuka vipande virefu kama visu. Zuwena alishonwa nyuzi tisa shavuni.

Jumamosi hiyo nikarudi dukani kwake nikitabasamu.

"Shikamoo fundi. Nikatie kingine kama kile kile."

"Marahaba, mtani! Mmenogewa, eh?"

Alipomaliza nikamwomba akishike mbele ya uso wake, kisha nikaokota jiwe.

"Mtani, unafanya nini?"

"Nakijaribu. Si hakikati mtu?"

"Acha utani wako!"

"Utani ndio huu. Moja..."

Wateja wakaangua kicheko. "Shikilia, Mzaramo! Unaogopa kioo chako mwenyewe?"

"Mbili..."

"Usirushe!" akapiga ukelele. "Hiki cha dirisha la nyumba! Na vile vilikuwa hivi hivi!"

Kicheko kikakatika. Mwenye gari aina ya Noah aliyekuwa akisubiri zamu akakunja karatasi ya vipimo vyake, akatoka. Wengine wakamfuata.

Mwinshehe alibaki amekumbatia kioo, jasho linamtiririka. "Mtani, umeniua."

"Bado," nikamwambia. "Kesho namleta Zuwena, umweleze na yeye."