Kikombe cha Mama Mkwe

Tsuma, fundi bomba wa Ganjoni, hakuogopa mtaro wala tangi bovu, ila aliiogopa sinia ya Mwanabaraka. Mwaka ule wa tisini na nne alikuwa amemposa bintiye, Shukri, na kila Ijumaa alasiri alikwenda Mji wa Kale kumwamkia mama mtu. Aliandaliwa mahamri, mbaazi za nazi na chai ya maziwa yenye iliki. Haikupita nusu saa, tumbo likaanza kunguruma, naye akaaga mbio mbio bila hata kungoja maji ya kunawa. Siku aliyothubutu kusema tumbo lamsumbua, Mwanabaraka alimletea bilauri ya maziwa moto ili litulie. Siku hiyo alifika Ganjoni kwa rehema ya Mola tu.

Mwanabaraka akaona anadharauliwa. Akamwambia Shukri, "Ijumaa hii akiondoka tena kabla ya magharibi, posa yake nairejesha. Simuozi mwanangu kwa mtu aonaye kinyaa nyumba yangu."

Shukri alimfikishia Tsuma maneno hayo huku analia. Tsuma alimpenda binti huyo, na aliogopa kumkosa. Lakini fundi ni fundi. Bomba likivuja usijue wapi, unafunga koki moja moja mpaka mvujo ujitaje wenyewe. Basi kwa nini tumbo lisifanyiwe vivyo hivyo?

Jumamosi alikula mbaazi za nazi tu. Kimya. Jumapili mahamri matupu, saba kwa hesabu, na tumbo likalala kama mtoto. Jumatatu akanywa bilauri moja ya maziwa, akaketi karibu na choo akisubiri kwa hamu ya ajabu. Haukupita muda, ngurumo! Akacheka peke yake. Jumatano akarudia kwa kutaka hakika, na akajuta.

Ijumaa alikiweka kikombe chini bila kukionja.

"Mama, niwie radhi. Nyumba yako naipenda sana. Maziwa ndiyo hayanitaki." Akamweleza habari za koki zote, mpaka yale mahamri saba.

Alitarajia kufukuzwa. Mwanabaraka akauliza polepole, "Na mtu aweza kuwa hivyo maisha yake yote?"

"Naona yawezekana, Mama."

"Marehemu babake Shukri, chai yangu alikuwa akitoka nayo barazani. Nikadhani yuwanwa. Siku moja nikachungulia, nikamuona yuwawapa paka. Miaka kumi na tisa nilimwekea kinyongo, nikiona hapendi mkono wangu. Mbona hakunambia?"

Tsuma alijua kwa nini. Yeye mwenyewe kwa miezi mitatu alikuwa akikimbia badala ya kusema kuwa chakula chake chamdhuru.

"Aliogopa kukuvunja moyo, Mama."

Mwanabaraka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Akakichukua kile kikombe, akaingia jikoni, akarudi na chai kavu, nyeusi ti, iliki tele.

"Nwa, mwanangu. Na kitu kikikudhuru kwangu, sema. Nimechoka kunenepesha paka."