Walimu Kumi na Mmoja wa Bondeni

Jumatatu, saa mbili asubuhi, mtakwimu wa ofisi ya elimu ya wilaya alitandaza fomu tano mezani na kuzigandamiza kwa stepla, kwa sababu feni ilikuwa na kasi moja tu, ya juu. Shule za sekondari za serikali wilayani zilikuwa tano. Kila mwaka alitengeneza jedwali moja la kuzilinganisha: wanafunzi, madarasa, walimu, vyoo, matokeo ya mtihani. Jedwali lilibandikwa mlangoni siku ya Ijumaa, na wazazi walisimama mbele yake kuchagua shule.

Mwaka huu naye alikuwa mzazi wa kuchagua. Binti yake alikuwa amemaliza shule ya msingi na alipenda hesabu. Shule aliyoweza kuifikia kwa miguu ilikuwa ya bondeni.

Fomu ya bondeni ilionyesha walimu kumi na mmoja. Mtakwimu alijua kwamba wanaofundisha ni wanne. Katika wilaya ile hakuna mwalimu mkuu aliyefuta jina la mwalimu, kwani jina likifutwa nafasi huondoka nalo. Aliyehamishwa alibaki kwenye orodha, aliyeacha kazi alibaki, aliyefariki alibaki. Namba saba alikuwa mume wake, mwalimu wa hisabati, aliyezikwa miaka mitatu iliyopita. Mara tatu mtakwimu alikuwa ameinakili idadi hiyo kama ilivyokuja. Jedwali hutengenezwa kwa fomu.

Jumanne aliomba pikipiki ya ofisi akaenda kuhakiki.

Katika ofisi ya walimu walikaa watu kumi na mmoja. Wanne walikuwa na vumbi la chaki mikononi. Saba walikaa ukutani wakiwa wasafi: watatu marehemu, na wanne waliohamishwa ambao saa ileile walikuwa pia wakifundisha katika wilaya nyingine.

“Karibu, shemeji,” alisema mwalimu mkuu, aliyekuwa amesoma chuo kimoja na mumewe. “Walianza kuja muhula uliopita. Kila siku, kabla ya kengele. Wanaonichelewea ni hawa wanne wazima.”

“Wanafundisha?”

“Wanaingia darasani. Chaki zao haziandiki, na sauti haitoki. Lakini kwa mahudhurio sina la kuwalaumu.”

Mtakwimu alipitia daftari la mahudhurio. Sahihi zilikuwa kumi na moja kila siku. Aliitambua ya mumewe kwa mkia wake mrefu. Mumewe alikuwa amevaa shati la buluu alilokuwa akivaa siku za ukaguzi. Mtakwimu alivuta kiti karibu naye, maana kwa hatua moja alisikika.

“Umekonda,” mumewe alimwambia.

“Kazi. Wewe je?”

“Mimi nimezoea.” Alitazama mlango. “Nifute. Nikihesabiwa hapa hawataleta mwalimu. Mtoto wetu atafundishwa hesabu na nani?”

Mwalimu mkuu aliona rula ikitolewa kwenye mkoba. “Shemeji, usinifanyie hivyo. Nafasi ikienda hairudi.”

“Nitaiombea mtu.”

“Tangu lini wewe umeomba kitu ukakipata?”

Mtakwimu alichora mstari mwekundu juu ya namba saba kwenye orodha. Mumewe alisimama, akarudisha kiti chini ya meza, akatoka kwa kupitia mlangoni. Mwalimu mkuu aliweka rundo la madaftari pale alipokuwa ameketi.

Jumatano alipeleka barua ya maombi kwa ofisa elimu, ambaye aliisoma yote akiwa amesimama.

“Dada yangu, bondeni ndiyo inayoongoza kwa walimu. Wakibaki kumi bado inaongoza. Nimpakulie aliyeshiba?”

“Sita kati ya hao kumi hawafundishi.”

“Wanahudhuria?”

“Wanahudhuria.”

“Basi. Fomu inauliza idadi.”

“Ongeza safu moja. Wanaofundisha.”

“Fomu inatoka juu. Mimi naipokea kama unavyoipokea wewe.”

“Na nafasi niliyoifuta?”

“Imeshachukuliwa. Mwalimu mkuu wa shule ya mlimani alikuwa hapa jana jioni. Aliona jina liko wazi, akalijaza kwake. Tena anashukuru sana, alikuwa na walimu watatu tu.”

Alhamisi, kabla jua halijachomoza, mumewe alipita mbele ya nyumba akielekea mlimani. Ni kilomita kumi na nane. Mtakwimu alikuwa akifagia uwanja. Mumewe alipunga mkono bila kusimama, kwa sababu mlimani kengele hupigwa mapema.

Ijumaa jedwali lilibandikwa. Bondeni ilikuwa ya kwanza. Mlimani ilitoka nafasi ya tano hadi ya tatu, na wazazi wa huko walileta barua ya pongezi yenye sahihi arobaini. Mtakwimu alikagua hesabu mara mbili. Zilikuwa sahihi. Alimwandikisha binti yake bondeni.

Wiki ya nne ya masomo binti alimkuta mama yake akimenya viazi.

“Mama, nihamishie mlimani. Nitakaa bweni.”

“Kwa ajili ya baba yako?”

“Kwa ajili ya hesabu.”

“Mwanangu, baba yako hafundishi. Chaki yake haiandiki.”

“Najua. Wenzangu wa kule wameniambia. Anasimama mbele kipindi kizima, nao wanakaa na vitabu wanajaribu wenyewe. Sisi, kwa kuwa hakuna mtu mbele, kipindi cha hesabu tunafyeka nyasi.”

Aligeuza viganja vikaonekana malengelenge. Mtakwimu aliyahesabu: manne mkono wa kulia, mawili wa kushoto.

Jumatatu, ofisini, alivuta fomu ya uhamisho. Kwenye sehemu ya sababu aliandika kwa mwandiko wake wa kazi: *Mwalimu wa hisabati yupo.* Ofisa elimu alilinganisha na jedwali, akagonga muhuri.