Punguza Manjano

…zimepoa, eti picha zimepoa, kama vile ni uji, ndivyo alivyomwandikia mjukuu wangu kwenye simu, mwenye hoteli huyo ambaye hata shati na suruali havisikilizani mwilini mwake, jua gani hili linazama na baridi, wageni wangu watadhani ufukwe wangu ni mochwari, mochwari!, na huyu mtoto badala ya kumjibu amekaa mbele ya kompyuta, mgongo umepinda kama ndoano, kidole juu ya kipanya, ananiuliza, "Bibi, manjano bado imezidi?" na mimi nyuma yake nasema imezidi, punguza, maana rangi nazijua mimi, miaka arobaini nimechovya vitambaa kwenye mapipa mpaka kucha zikasahau rangi yao, sikusoma, hilo kweli, darasa la tatu nikaambiwa inatosha, lakini nipe nyekundu mbili nikuambie ipi ililala pipani na ipi ilitolewa haraka na mvivu, na jua la jioni nimelitazama likizama huku naanua vitambaa, halikuwa hivi wanavyolipaka wapiga picha wa siku hizi, kila wingu limetiwa rangi ya mdomo, bahari zambarau, tangu lini, nikamwambia huyu mjukuu, mke mwenzangu wa utani, wewe lipige lilivyo, usimrembe Mungu, akacheka, na tangu siku hiyo hatumi picha nisiyoipitisha, "kidogo tena?" kidogo tena, toa huo uchafu wote, "lakini Bibi, amesema zikirudi mara hii anatafuta mwingine," mwache atafute!, atampata mchora mabango, watafaana… hii ndiyo kazi ya kwanza mtoto huyu aliyoipata kwa jina lake, aliacha picha za pasipoti pale studio kwa ajili yake, mama yake alilia, mimi ndiye niliyesema mwache aende, na jicho nalo linawasha, hili la kushoto, wiki haijaisha tangu daktari alitoe mtoto wa jicho na kunibandika kifuniko cha plastiki, la kulia mwezi ujao, usilikune bibi, nani anakuna, nafuta machozi tu, nanyanyua kifuniko, leso nimeiweka kwenye la kulia maana nalo linamlilia mwenzake, natazama kompyuta na… nini hicho, bahari ya buluu kama ukucha uliobanwa mlangoni, mchanga umekufa, jua jeupe kama kidonge, "umegusa nini wewe?" "sijagusa kitu, Bibi," nafunga la kushoto, nafungua la kulia, picha imerudi, jioni kabisa, tamu, nabadilisha, kidonge, nabadilisha, jioni, na ukuta huu, niliomfokea fundi mbele ya majirani kwamba kanipakia krimu badala ya nyeupe, ni mweupe, mweupe pepepe, na daktari alisema jicho langu lilikuwa kama chai iliyolala, nikadhani ananitania, basi ile manjano tuliyokuwa tunaitoa haikuwa kwenye picha, ilikuwa humu, machoni mwangu, imekaa miaka, na mtoto wa watu anaitafuta kwenye jua… kwa hiyo yule mwenye shati lile alisema kweli, na kwa hilo namchukia zaidi, picha sita zimerudishwa, na majibu ya kujitetea mimi ndiye niliyeyatamka, mwandikie ndivyo lilivyo, mwandikie nenda nje ukatazame, na huyu alikuwa anaona!, macho yake mazima, ya miaka ishirini na mbili, aliiona buluu hiyo kila siku na akazidi kupunguza kwa kuwa nimesema mimi, mjinga wee, ungenibishia, ungesema Bibi, huoni, nani kakufundisha utii wa namna hii… nani, katika nyumba hii ambamo hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yangu, "Bibi, nitume?" kidole kiko palepale juu ya kipanya, hageuki, anangoja neno langu tu, na hasira hii yote inazunguka chumba kizima ikitafuta wa kumkalia, mwenye hoteli hayupo, daktari hayupo, fundi alishalipwa akaenda zake, tumebaki wawili, na huyu hana kosa.